Sura ya 6: Waya Unaojua Kukatika

Jua linapokwisha kuzama nyuma ya vilima vya Ngandja, jenereta za Misisi, mji wa wachimba dhahabu katika Fizi, Kivu Kusini nchini Kongo, huanza kujibizana kandokando ya barabara ya taifa namba 5. Tuichukue moja tu, ya mfanyabiashara aliyevuta waya kutoka uani kwake hadi kwa majirani. Waya umepita juu ya miti ya mikaratusi isiyonyooka, ukaingia kwa kinyozi, kwa muuza bia, kwa mama anayechaji simu, kwenye chumba cha video, kisha kwenye nyumba kumi na kitu za watu wa kawaida: taa mbili hapa, taa tatu pale, na tundu moja la chaja. Malipo ni kwa taa na kwa wiki. Mita hakuna.

Saa mbili na ushee, giza. Jenereta haikuishiwa mafuta. Ilinguruma ghafla kama mtu aliyetupiwa gunia mgongoni, kisha swichi yake kubwa ikaruka. Kwa kinyozi kuna kichwa kilichonyolewa nusu. Chumba cha video kinapiga mluzi. Na kuanzia hapo kazi yote ni ya kijana wa jenereta, tochi mdomoni, koleo mfukoni.

Kijana haanzi kwa kuwasha tena. Alishawahi kufanya hivyo, na swichi ikamwunguza vidole. Anakwenda mpaka mti wa nne, katikati ya mstari, anafungua kiungo cha waya, anapiga kelele, "Papa, washa!" Upande wa juu unawaka, na jenereta inatulia. Basi ubaya uko chini. Anakifunga kiungo hicho, anashuka hadi mti wa sita, anafungua cha huko, anaita tena. Mara hii jenereta inanguruma. Kumbe ni kati ya mti wa nne na wa sita, na huko kuna nyumba tatu tu. Anaingia ya kwanza. "Mama, kuran ilipoenda mlikuwa mnafanya nini?" Hakuna kitu. Nyumba ya pili ndiyo yenyewe: waya unaoingia chini ya paa umesuguliwa na ukingo wa bati, ngozi imechunika, upepo wa jioni umeuegemeza kwenye chuma, shoti. Anaukata ule waya wa nyumba hiyo peke yake, anafunga kiungo cha mti wa sita, na mtaa unawaka. Nyumba moja italala gizani hadi asubuhi. Kinyozi anamalizia kichwa. Dakika hamsini zimekwenda.

Nimeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu makampuni makubwa ya dunia huiuza kwa mamilioni ya dola, na hatua zake hazijaongezeka hata moja: tafuta hitilafu iko wapi, itenge ibaki peke yake, warudishie umeme wengine wote. Tofauti ni kwamba kule mitandao inayoitwa erevu huzimaliza hatua hizo tatu kwa sekunde kadhaa bila mtu kutoka nyumbani. Sura hii inahusu umbali kati ya dakika hamsini na sekunde hizo, na kama mji wa wachimba dhahabu usio na gridi unaweza kuuvuka. Mimi nadhani unaweza, tena kwa wepesi kuliko miji iliyotangulia, mradi usianze kwa kununua kompyuta.

Kwanza, kwa nini hakuna gridi. Umeme haukuwa mbali hivyo na watu wa Fizi. Ukishuka kusini kwa njia ya Kalemie unafika Bendera, ambako Wabelgiji walijenga mtambo kwenye mto Kyimbi miaka ya 1950, mashine mbili zenye jumla ya megawati 17 na kidogo. Vitabu vya historia vinaujua mtambo huo kwa sababu nyingine. Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965 na kukaa miezi kadhaa katika milima hii ya Fizi, na shambulio kubwa la kwanza la watu wake, mwishoni mwa Juni, lilikuwa pale pale Bendera, kwenye kambi iliyolinda mtambo. Walishindwa vibaya. Karatasi zilizopatikana kwa Wakuba waliouawa zikafichua kwamba Wakuba wamo Kongo. Kwa hiyo watu walikufa wakigombea umeme katika nchi hii zaidi ya miaka 60 iliyopita, lakini nyaya zilizotoka pale zilielekea Kalemie, kwenye bandari na viwanda. Kaskazini hali ni hiyo hiyo. Ruzizi I ya mwishoni mwa miaka ya 1950, megawati 29.8, na Ruzizi II ya mwaka 1989, megawati 43.8, zinaigawia Bukavu, Uvira na majirani wa Rwanda na Burundi. Hata huko delestaji, yaani mgao wa umeme, ni jambo la kila juma: mitambo imezeeka, na chupa za plastiki za jiji zima husombwa na mvua hadi Ziwa Kivu na kwenda kuziba mlango wa bwawa.

Misisi imekaa katikati ya Bendera na Ruzizi bila kuonja hata mmoja. Baraka, mji wa ziwani ambao bidhaa nyingi za Misisi hupitia, umeishi kwa jenereta na sola vilevile. Katika Kongo nzima takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme, na vijijini ni karibu mmoja kati ya mia. Sheria ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na tangu hapo tumeona mfano wa Goma, ambako kampuni ya Nuru ilizindua mwaka 2020 mtandao wa sola na betri wenye megawati 1.3. Kwa hiyo mtu akija kesho Misisi na paneli zake, sheria haimzuii. Swali ni atasimamisha nguzo za namna gani.

Hapa turudi kwa yule kijana na miti yake. Kosa la waya ule halikuwa shoti. Shoti ni kama mafua, haina nyumba isiyoingia. Kosa ni kwamba nyumba moja ilikuwa na uwezo wa kuzima mtaa. Na kosa hilo halichagui udogo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikatoka, mashine zilizobaki pale zikazidiwa nazo zikatoka, na megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mkupuo. Kilichofuata kiliizima Kenya kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Watu walicheka sana mitandaoni, lakini cha kuangalia pale ni mnyororo: hitilafu ya kilo chache za manyoya haikutengwa mahali ilipozaliwa, ikaachwa itembee.

Mtandao erevu ni mtandao uliofundishwa kukatika vizuri. Anza na jambo ambalo kila fundi wa laini za juu analijua: hitilafu nyingi za laini hizo ni za kupita. Tawi limegusa waya likaanguka, ndege ametandaza mabawa, radi imepiga. Radi kwetu si jambo la kutajwa kwa kupita tu. Wanasayansi waliohesabu mimweko ya radi kwa setilaiti walitangaza mwaka 2016 kwamba mahali pa kwanza barani Afrika ni Kabare, mkoa huu huu wa Kivu Kusini, zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Laini yoyote itakayojengwa hapa itapigwa. Fyuzi ya kawaida, ikipigwa mara moja, imekufa. Mtu atapanda pikipiki kwenda kubadilisha, na kama ni Machi na barabara ni tope, labda kesho kutwa. Kwa hiyo badala ya fyuzi kwenye mstari mkuu huwekwa swichi inayojirudia. Ikihisi mkondo umezidi inakata, inangoja sekunde moja au mbili, inafunga kujaribu. Kama tawi limeshaanguka, watu wanaona taa zimekonyeza tu. Kama ubaya bado upo, inakata tena, inajaribu mara ya pili, hata ya tatu, na ikishindwa inabaki wazi na kumngoja fundi.

Matawini, mbele ya swichi hiyo, huwekwa nyingine ya bei nafuu isiyo na nguvu ya kukata shoti lakini inayojua kuhesabu. Inaona mkubwa wake amekata mara moja, mara mbili. Mara ya pili, wakati waya hauna umeme, inajifungua yenyewe. Mkubwa anarudi, na sasa tawi bovu halipo tena. Hakuna simu iliyopigwa wala kompyuta iliyoulizwa. Ni werevu wa chuma na springi, na kwa sehemu kubwa ulibuniwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Ongeza vitaa vinavyofungwa juu ya waya na kumeta pale mkondo wa shoti unapopita: fundi anafuata vinavyometa, na mahali kimoja kinameta na kinachofuata hakimeti, hapo katikati ndipo pa kutazama. Yule kijana angeokoa dakika arobaini.

Hatua ya tatu, ya kurudisha, inadai kitu ambacho mstari mmoja hauwezi kutoa, nacho ni njia ya pili. Mstari unaoanzia kwenye mtambo na kuishia porini ukikatwa katikati, wa chini wote wamekwisha. Lakini mistari miwili ikikutana nchani, na pale penye kukutana pakawekwa swichi inayokaa wazi siku zote, basi kipande kibovu kikishatengwa ile swichi hufungwa na watu wa chini hulishwa kutoka upande wa pili. Mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee nchini Marekani, uliweka swichi za namna hiyo zipatazo 1,200, zikizungumza zenyewe kwa zenyewe, kwa msaada wa zaidi ya dola milioni 111 za serikali kuu. Tufani ilipopiga tarehe 5 Julai 2012, karibu nusu ya wateja ambao wangezimikiwa walirudishiwa umeme kwa sekunde chache, wengi bila kujua kwamba umewahi kwenda. Sina haja ya kusema kwamba Misisi haina dola milioni 111. Lakini ile njia ya pili ni nguzo kadhaa na waya, na mahali pa kuipitisha hupangwa siku ya kwanza au haipangwi kabisa. Ukishaacha nyumba zijazane hadi barabarani, umechelewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wafadhili hawapendi kulisikiliza, na ambalo mafundi wa jenereta wanapigwa nalo chenga wanapohamia sola. Jenereta ya dizeli, ikipata shoti, hutema kwa muda mfupi mkondo mara kadhaa ya kawaida yake. Ndiko kule kunguruma. Fyuzi na swichi zimezoea vurugu hiyo na ndiyo inayoziambia zikate. Inveta ya betri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa mtandao, haina gurudumu linalozunguka. Ina vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoungua upesi, kwa hiyo imefunzwa kujihifadhi. Ikiona shoti inatoa kidogo tu zaidi ya kawaida, halafu inajizima.

Tufanye hesabu. Inveta ya kilowati 30, nyaya tatu za volti 230, hutoa ampea 43 kwa kila waya. Tuseme kwenye shoti inaweza kufika mara moja na nusu, yaani ampea 65. Fundi aliyezoea jenereta ataweka fyuzi ya ampea 63 kwenye kila tawi na kulala usingizi. Shoti inakuja, ampea 65 zinapita, na fyuzi ya 63 haioni ajabu. Itabeba mkondo huo kwa saa nyingi bila kuyeyuka. Inveta inachoka kwanza. Mji mzima giza, na hakuna fyuzi hata moja iliyoungua kukuonyesha ubaya uko wapi. Una vifaa vipya vya maelfu ya dola, na kijana wa jenereta alikuwa akikuzidi.

Dawa yake ni kukata mtandao vipande vidogo. Swichi ndogo ya ampea 10 kwenye mti, pale waya wa kila nyumba unapoanzia, ya aina inayoruka papo hapo mkondo ukifika mara tatu hadi tano, inahitaji ampea 50 kwa wingi. Inveta yetu ina 65. Nyumba yenye bati lililochuna waya itajitoa yenyewe kabla inveta haijakasirika, na kinyozi hatajua. Kadiri chanzo kinavyokuwa dhaifu ndivyo vipande vinavyotakiwa kuwa vidogo. Hili ndilo ningemwandikia mtu yeyote anayekuja na paneli zake, kabla ya neno lolote kuhusu programu na data.

Ubaya wa pili wa umeme wa betri ni kwamba unahesabika. Jenereta ikiishiwa unaongeza lita. Betri ikiisha saa nne usiku unangoja jua. Ndipo usimamizi wa nishati unapoingia, na Misisi ina mzigo ambao vijiji vingine havina: dhahabu. Mashimo hujaa maji na lazima pampu ziyanyonye. Mawe lazima yasagwe. Zamani yalitwangwa kwa vinu vya chuma na akina mama, ambao katika machimbo ya Kivu Kusini Kifaransa kimewapa jina lililotoholewa kutoka Kiswahili chetu, *twangeuses*. Vinu vya mota vilipoingia vikawanyang'anya wengi wao kazi, na hilo ni deni ambalo mtu wa umeme asijifanye halioni. Lakini kwa upande wa waya, kinu cha mota ni jirani mgumu. Mota ya kilowati 7.5 ikishaanza kuzunguka hula ampea 15 hivi. Wakati wa kuanza hutaka mara tano hadi saba ya hizo, yaani 75 na kuendelea. Inveta yetu mwisho wake ni 65. Kinu kimoja tu, kikiwashwa kwa pupa, kinazima mji bila hitilafu yoyote kutokea. Kwa hiyo mwenye kinu hapewi umeme mpaka afunge kifaa cha kuianzisha mota polepole, na hili liandikwe kwenye mkataba.

Halafu kuna saa. Paneli hutoa zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, wakati nyumba hazina mtu na taa zimezimwa. Vinu na pampu vina hiari ya saa kuliko taa: jiwe halijali limesagwa saa ngapi. Mita za malipo ya kabla, zile ambazo Goma na Bukavu wanaziita Cash Power na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanaziita Luku, leo zinaweza kuuza mchana kwa bei moja na usiku kwa nyingine, na kuweka kikomo kwa kila mteja. Betri ikishuka, mtandao unaacha watu kwa utaratibu uliokubaliwa: kwanza vinu, kisha baa na vyumba vya video, kisha nyumba, na mwisho kabisa friji ya chanjo na chumba cha kujifungulia, ambavyo havitakiwi kufikiwa. Inveta inaweza kutoa amri hiyo bila simu wala intaneti, kwa kupunguza kidogo tu kasi ya mapigo ya umeme wenyewe. Kawaida ni mapigo 50 kwa sekunde. Mita ya kinu imeambiwa ijitoe kwenye 49.5, ya baa kwenye 49.2, na kadhalika. Waya ule ule unaobeba nguvu unabeba na habari.

Nimelisisitiza hili la bila intaneti kwa sababu ya mahali tulipo. Mitandao mingi inayouzwa kama erevu hupiga simu mjini kabla ya kufanya lolote, na minara ya simu ya huku nayo inakula dizeli. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, nyaya za umeme ziliharibika na pampu za maji zikanyamaza pamoja nazo. Watu walirudi ziwani na madumu. Fizi imeishi na bunduki kwa miongo, kuanzia za 1965 hadi za juzi. Mtandao wa hapa uchukuliwe kwamba utapoteza nguzo, utapoteza mawasiliano, na siku nyingine fundi wake atakuwa amekimbilia Baraka au amevuka kwenda Kigoma. Kila kipande kiweze kusimama peke yake: kituo cha afya na paneli zake chache na betri yake ndogo, kikijitenga na mji shoti ikitokea, kikirudi mji ukitulia.

Hapo kuna hatari ambayo imeua mafundi kwingine. Kila nyumba yenye sola na inveta yake inaweza kurudisha umeme kwenye waya ambao kijana ameuzima. Amefungua kiungo juu, ameshika waya akijua umekufa, kumbe kuna inveta ya mtu ya kuwashia redio na friji inaulisha kutoka chini. Inveta za kuungwa kwenye mtandao hutengenezwa zijitoe mara zisiposikia mapigo. Zile za sokoni za kuwasha televisheni hazijui lolote. Swichi ya pande mbili, mtandao au sola yako, kamwe si vyote, ni kitu cha bei ndogo kuliko mazishi.

Basi ningeanzia wapi, kama ningepewa barabara moja tu ya Misisi na pesa kidogo? Ningemchukua yule kijana awe fundi wa kwanza, kwa mshahara, na glavu za mpira. Kisha, kabla ya paneli kufika, ningempa ndoo ya rangi nyeupe na brashi. Aanze mti wa kwanza nje ya ua wa jenereta, aandike 1, ashuke mpaka wa mwisho, na kwenye daftari la shule achore kila mti na nyumba zinazoning'inia juu yake. Usiku kinyozi akipiga simu kusema kuran imeenda, swali la kwanza litakuwa mti namba ngapi.